Jirani na Watoto wa Kilabuni

Sijui alizaliwa mwaka gani, na ukoo wake hakuwahi kunitajia zaidi ya kusema kwamba yeye ni Mzigua wa upande wa Handeni na kwamba kwao walikuwa wengi. Ninachokijua ni sauti yake ikipita juu ya ukuta. Nyumba za kambi yetu ya mkonge zimejengwa kwa mstari, chumba kwa chumba, na ukuta wa katikati haufiki kwenye bati. Kila alfajiri alipiga ukuta mara mbili kwa kiganja na kuuliza, "Jirani, umeamka?" Mimi nikajibu, "Nimeamka, mama. Shikamoo." Akasema "Marahaba" kwa mkato, kama mtu anayefunga mlango.

Kwa hiyo hapa nitamwita Jirani. Mbele yake nilimwita mama. Watoto walimwita Bibi. Watu wa kambi walikuwa na jina lao jingine la kumwita, nalo nitalieleza.

Kambi yetu haiko mbali na Ngombezi, ila siyo Ngombezi. Mimi nilishuka kutoka Lutindi nikiwa mke mpya, sijazoea joto, nikaanza kazi ya kuanika singa za mkonge kwenye nyaya. Yeye nilimkuta ameshaacha kazi. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono imejaa makovu madogo ya miiba. Alifuga kuku na kuvuta ugoro. Hakuwa na mtoto, na sikuwahi kumsikia akisema kama hilo lilimuuma au halikumuuma.

Siku yenyewe nitaieleza mara moja, halafu niendelee, kwa sababu bila hiyo Jirani haeleweki.

Mwanangu wa kwanza aliitwa Amosi. Alikuwa na miaka mitatu. Msichana wa kwetu aliyenishikia mtoto alikuwa amerudi mlimani kumuuguza mama yake, na tangu aondoke nilikuwa nikimwacha Amosi kwa Jirani. Lakini jana yake tulikuwa tumegombana. Kuku wake waliingia kwenye unga wangu, nikamwambia neno, akanirudishia neno, nikanuna. Asubuhi akapiga ukuta kama kawaida. Sikuitika. Nikamfunika Amosi akiwa amelala, nikavuta mlango, nikaufunga kwa nje kwa kamba ya katani. Nilijiambia nitarudi saa nne kumwangalia.

Yalikuwa masika. Nyuma ya nyumba, watu wa matofali walikuwa wamechimba udongo na kuacha shimo, na shimo lilikuwa limejaa maji. Amosi aliamka, akausukuma mlango mpaka kamba ikalegea. Jirani ndiye aliyemwona, alipokuwa akienda kutupa taka. Ndiye aliyeingia majini na nguo zake. Nilipoitwa nilimkuta amekaa chini kwenye tope, amempakata. Ndala yake moja haikuwepo. Nakumbuka niliitafuta ile ndala kwa macho, nikaitafuta tena, kana kwamba ikionekana kila kitu kitakaa sawa.

Msibani, kaka mkubwa wa mume wangu alishuka kutoka mlimani na wazee wawili. Wakakaa mkekani, wakaniita. Kaka yake akaniuliza mbele ya watu wote, "Mtoto ulimwachia nani?"

Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui nilikuwa naenda kusema nini. Jirani alikuwa upande wa wanawake, ameegemea ukuta, na ndiye aliyejibu.

"Aliniachia mimi," alisema. "Nilisinzia."

Watu wakageuka kumtazama. Mzee mmoja akasema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nikafunga mdomo wangu.

Hakuwa ameachiwa mtoto. Hakuwa amesinzia. Saa ile alikuwa anapepeta mahindi uani kwake na hakujua kama Amosi yumo ndani. Tuliojua hivyo tulikuwa wawili tu, yeye na mimi.

Nilimuuliza mara moja kwa nini alisema vile. Miezi mingi ilikuwa imepita, tulikuwa tunachambua maharage. Hakuinua uso. "Wewe una miaka mingi ya kuishi na wale watu," alisema. "Mimi naishi na kuku." Halafu akaniambia nimeacha mawe kwenye ungo, nirudie.

Basi, huyo ndiye aliyeanzisha mahali pa watoto pale kambini, na nataka ijulikane alianza akiwa na jina gani mgongoni. Lile jina jingine lilikuwa Mzamishaji. Hawakumwita hivyo usoni. Walisema akishapita.

Arobaini ya Amosi ilipokwisha alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba kilabu cha pombe kilichokuwa kimefungwa. Lilikuwa banda refu la bati lenye viti vya saruji pande zote mbili, na harufu ya pombe ilikuwa imeingia mpaka sakafuni. Mwenyekiti alimshangaa.

"Mama, wewe ni mtu wa swala tano. Utashinda kilabuni?"

"Pombe imeondoka," akamjibu. "Kivuli kimebaki."

Alipewa. Alisugua sakafu kwa majivu na maji siku nne. Harufu haikuisha yote, na siku za mvua ilirudi, na akina mama waliokuja baadaye walizoea kusema kwamba watoto wa pale hulala vizuri kuliko watoto wote wa wilaya.

Jumapili jioni akaita akina mama. Walikuja wengi, nadhani wengine kumtazama tu. Mimi nilikaa karibu na mlango. Alisimama katikati na kusema maneno machache. Watoto wanabaki peke yao majumbani, kila mmoja anajua. Walio wadogo wanalindwa na walio wadogo. Wawalete pale asubuhi wakienda shambani, wawachukue wakirudi. Kila mama ashinde pale katika siku yake ya mapumziko, na alete konzi ya unga kwa ajili ya uji. Hakuna mshahara wa mtu yeyote, wala wa kwake yeye.

Mama Rehema, mkata mkonge mwenye watoto watano, alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kilichokuwa vichwani mwa wote.

"Umemzamisha wa mwenzio," alisema, "sasa unataka na wetu?"

Jirani hakunitazama. Ningependa kusema alinitazama, maana hapo ningekuwa na kitu cha kukumbuka, kwamba aliniomba nami nikakataa. Hakuniomba. Alikaza kanga yake kiunoni na kusema, "Kesho nitakuwa hapa." Watu wakatawanyika.

Kesho yake alikuwa pale. Alipika uji wa sufuria nzima, hakuja mtoto hata mmoja, akaurudisha nyumbani kwa kuku. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nilikuwa namwona nikirudi kazini, amekaa kwenye kiti cha saruji, mikono magotini, sufuria mbele yake.

Siku ya nne niliingia. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa siku zile natembea kwa sababu miguu inatembea, nakula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu. Hakuuliza nimefuata nini. Alinipa fagio. Nikafagia, na wanawake waliokuwa wakienda bombani wakasimama kutazama. Siku ya tano nikaenda tena.

Wiki iliyofuata aliletwa mtoto wa kwanza, halafu mapacha. Nilisikia mmoja wa akina mama akimwambia mwenzake mlangoni, bila kujua nipo nyuma ya pazia, "Kama mwenye msiba mwenyewe anashinda naye, sisi ni nani?" Hata Mama Rehema alileta wake wawili wa mwisho. Kwa hiyo mimi ndiye niliyelijaza lile banda. Ningeweza kulijaza siku ile ya mkutano kwa sentensi moja. Badala ya kusema, nilifagia.

Watu wakisikia kwamba alilea watoto wa kambi nzima, hudhani alikuwa bibi wa mapajani. Hakuwapenda mapajani. Mtoto akimpandia alimshusha kama anavyoshushwa paka. Alisema wanavuta kanga, wananuka jasho. Msichana mmoja aliyekuja kujitolea, mchangamfu, wa kubusu watoto na kuwaimbia, Jirani alimtazama asubuhi nzima, mwishowe akamwambia, "Kupenda baadaye. Kwanza macho." Msichana alidhani ni wivu, na sina hakika kwamba haukuwemo. Yeye mwenyewe alijua wimbo mmoja tu wa watoto, na aliukosea maneno, na mpaka leo watoto wa kambi yetu wanauimba vile alivyoukosea. Wanafika shule ya msingi wanachekwa.

Kwa macho, hakuwa na mfano. Alikuwa na kopo la maziwa na punje za mahindi. Mtoto akiingia, punje inaingia koponi. Mtoto akichukuliwa, punje inatoka, na mama haondoki mpaka aione imetoka. Mwanzoni akina mama walinung'unika, maana wamechoka, wamebeba kuni, na bibi anawasimamisha kwa ajili ya punje. Hakubadilika. Kopo likiwa tupu alilipindua na kuligonga chini mara moja, ndipo akaenda nyumbani.

Maji hakuyataka kabisa. Watoto walinawishwa kwa birika, mmoja mmoja, na ndoo ilifunikwa kwa ubao wenye jiwe juu. Lile shimo la matofali lilikuwa limefukiwa na wanaume wa kambi wiki ile ile ya msiba, ardhi imekuwa tambarare, mchicha umeota. Yeye bado alilizunguka. Njia ya kwenda kilabuni ilikatisha pale pale, watu wote wakipita, naye akapinda mpaka nyuma ya mwarobaini na kurudi. Sikuwahi kumuuliza kuhusu hilo. Mimi nilipita katikati. Nilikuwa nasikia mchicha kwenye vifundo vya miguu na hakuna zaidi.

Swala ya adhuhuri aliiswali nje ya banda, na mkeka wake aliuweka kwa namna ambayo mlango ulibaki pembeni mwa jicho lake. Mke wa imamu alimwambia swala ya namna hiyo ina kasoro. "Mungu anaona ninachokiangalia," alijibu, na hakuhamisha mkeka.

Alikuwa mwongo, tena mwongo mzuri. Alisema amekula wakati hajala. Alimwambia mwenyekiti kwamba bwana afya amesifia choo cha kilabuni, na bwana afya alikuwa hajafika. Akiulizwa umri, kila mara alitaja mwaka tofauti. Lakini kwenye lile kopo la punje hakudanganya hata siku moja, na mtoto akiumia hata mchubuko, Jirani alimweleza mama yake kabla mama hajauliza. Niliishi naye miaka ile yote nikijaribu kujua mstari wake uko wapi, kati ya uongo aliouruhusu na ule aliokuwa hauruhusu. Nadhani aliongopa pale ambapo mzigo ungemwangukia yeye.

Alikataza fimbo. Hakuna mtoto aliyechapwa kilabuni, hata kofi, jambo ambalo lilikuwa geni kwetu. Lakini baba mmoja alipoingia amelewa, akidhani bado ni kilabu, akapiga teke sufuria ya uji, Jirani alimpiga mwiko wa kichwa mara tatu huku akimtukana kwa Kizigua, na watoto wote wakitazama wamekaa kimya kwenye viti vya saruji. Baadaye akawaambia, "Huyo ni mkubwa. Wakubwa wanaruhusiwa kupigwa."

Afisa maendeleo ya jamii alifika na fomu. Alikuwa dada mpole, amevaa viatu vya kufunika, tope limempata. Nilikuwepo, nikimenya viazi.

"Jina la kikundi, mama?"

"Hakina."

"Kina wanachama wangapi?"

"Wanaokuja."

"Na lengo la mpango ni nini?"

"Wasife," alisema Jirani.

Dada wa watu akainua kalamu. "Mama, niandike nini?"

"Andika hivyo hivyo."

Yule dada hakuandika hivyo. Aliandika malezi na makuzi ya awali ya mtoto, akamsomea. Jirani akasikiliza, akasema nayo siyo mbaya. Baada ya majuma machache dada akarudi na mikeka miwili na chati ya herufi yenye picha. Jirani hakujua kusoma. Aliitundika kichwa chini, picha zote miguu juu, ng'ombe na meza na ndizi, na ikakaa hivyo siku nyingi. Mama Rehema alipomwambia, hakukubali. Alisema watoto wanaangalia kutoka chini, kwa hiyo wanaiona sawasawa. Niliigeuza mimi alipokwenda kuswali. Alipomaliza aliitazama, akanitazama, akaenda kukoroga uji.

Mtoto mmoja alishikwa na degedege pale pale kilabuni. Jirani alimfunga mgongoni kwa kanga na kumpeleka zahanati kwa miguu, jua la saa saba, na kifua chake mwenyewe kikikoroma. Mtoto alipona. Mama yake alikuja jioni na kuku jogoo wa shukrani, akapiga magoti. Jirani akamwambia, "Inuka. Wewe siku yako ya zamu ni Alhamisi na wiki iliyopita hukuja." Jogoo alimrudishia. Alisema ana jogoo tayari, watapigana.

Mume wangu hakumsalimia tena baada ya msiba. Alikuwa mtu wa mashine, mtu wa maneno machache, na aliyaacha hata hayo machache. Alipita mlangoni kwake akitazama mbele. Jirani alimsalimia kila siku. "Baba Amosi, hujambo?" Kimya. Kesho tena, "Baba Amosi, hujambo?" Miaka yote ile. Mimi nilikuwa ndani nasikia yote mawili, salamu na kimya, na nikaendelea kumenya nilichokuwa namenya.

Ni Jirani peke yake aliyebaki na jina la Amosi. Baada ya kumzika mtoto, watu huona aibu kukuita kwa jina lake. Waliniita dada, shemeji, mama mdogo. Nilipomzaa Neema, miaka miwili baadaye, nikawa Mama Neema kwa kila mtu, na niliona jinsi walivyofurahi kupata mahali pa kushika. Jirani akaendelea na Mama Amosi. Mwanzoni lilikuwa kama kubonyeza mguu uliokufa ganzi: unajua umeguswa, na huisikii ngozi. Nilisubiri siku litakaponichoma. Sidhani ilifika.

Neema nilimpeleka kilabuni akiwa bado wa mgongoni. Jirani alichukua punje, akaishika muda, akaitia koponi. Mchana kutwa hakumtazama zaidi ya wengine. Lakini nilipokwenda kumchukua, nikatoa punje, alinifuata mpaka nje, akasimama akituangalia mpaka tulipoingia ndani mwetu. Alifanya hivyo siku zote za Neema mpaka alipoanza shule.

Miguu yake ilipovimba akaacha kusimama, halafu akaacha kuja. Mtoto wa kaka yake alimfuata, wakaenda kuishi Chanika, pale Handeni mjini. Aliondoka asubuhi na vifurushi viwili na kuku kwenye tenga. Hakuaga. Kopo alimpa Mama Rehema. Mahali pale hapakufa. Mpaka leo panaendeshwa kwa zamu, na akina mama wengi wa sasa walikuwa wenyewe watoto wa kambi nyingine na hawajui chochote kuhusu mwanzo wake.

Wanachokijua ni kile kilichobaki mdomoni mwa watu. Mwaka jana Neema alirudi kutoka shule, ana miaka kumi, akakaa jikoni bila kuvua begi.

"Mama, eti Bibi wa kilabuni alimuua kaka yangu, ndiyo maana akaanzisha kulea watoto?"

"Nani kakwambia?"

"Wote wanajua."

Nilisema hapana. Akauliza, sasa nani? Nikamwambia akavue sare.

Jioni ile nilimwambia mume wangu. Nilimwambia tukiwa mezani, bila kutangulia na maneno, kwamba Amosi sikumwachia mtu, nilimfungia ndani kwa kamba, kwamba yule mama alinikingia kifua. Aliweka kijiko. Akatoka, akakaa nje kwenye kigoda, akatazama chini mpaka uji wake ukaganda. Aliporudi akauliza kama kuna maji ya kuoga. Nilimwekea. Asubuhi, akifunga viatu, alisema, "Ukienda kumwona, mwambie namsalimu."

Jumatatu niliwaambia akina mama kilabuni, saa ya kuleta watoto, walipokuwa wengi. Wageni hawakuelewa uzito wake. Wa zamani walielewa. Mama Rehema alikuwa amemleta mjukuu. Alisimama na lile kopo mkononi.

"Kwa hiyo tulimtukana bure," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwepo. Ulikaa pale mlangoni."

"Nilikuwepo."

Nilingoja anitukane. Nilitaka, nadhani. Alimshika mjukuu wake mkono, akaondoka naye. Kesho yake alimrudisha, akatia punje, hakunisalimia. Mwisho wa wiki akaniletea kitenge kipya kilichokunjwa. "Mpelekee," alisema. "Mwambie Mama Rehema anaomba radhi. Mwambie kambi nzima imejua."

Basi nilikwenda Handeni na vitu vitatu: ukweli niliokuwa nimeshausema, salamu za mume wangu, na kitenge. Njiani nilipanga nitaanza na kipi.

Nyumba ilikuwa rahisi kuipata, ile ya fundi cherehani. Binti wa kaka yake alikuwa akishona barazani, mwanamke wa makamo, mchovu. Alinikaribisha, akaniambia mapema kabla sijaingia kwamba shangazi hayuko sawa, anasahau, na sasa amegoma kula. Tangu juzi alikuwa hajatia kitu kinywani.

Alikuwa mkekani, ameegemezwa kwenye mto. Alikuwa amepungua mpaka makovu ya mikono yalikuwa makubwa kuliko mikono. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Hakunitambua kwa sura. Kwa sauti alinitambua. "Mama Amosi," alisema. "Nilijua utakuja. Nisamehe. Nilisinzia."

Nikadhani anarudia maneno yale ya msibani kwa sababu binti yuko karibu, pale barazani. Nikasogea. "Mama, tuko wenyewe. Hukusinzia. Sikukuachia mtoto. Nilimfungia ndani kwa sababu nilikuwa nimekununia. Nimeshawaambia watu wote. Mama Rehema anaomba radhi, amekuletea hiki. Na Baba Amosi anakusalimu."

Alikigusa kitenge, akakiacha. "Alikuwa amekaa mlangoni kwangu," alisema. "Ana kikombe chekundu. Anachota mchanga, anamwaga. Nikamwambia, Amosi, usiende mbali. Usingizi ukanichukua. Nikasikia maji, nikadhani ni mvua."

Amosi hakuwahi kuwa na kikombe chekundu. Hakukaa mlangoni kwake siku ile. Alikuwa amezisema zile sentensi mbili mbele ya watu, akaishi nazo peke yake miaka yote, na sasa zilikuwa zimeota mlango, na mchanga, na kikombe.

"Mama, nisikilize," nilisema. "Haikuwa hivyo. Ni mimi."

"Wewe ulikuwa na uchungu," alinijibu kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Umesahau. Mwenye uchungu husahau. Mimi ninakumbuka."

Nikamweleza tena, kutoka kwa kuku na unga, mpaka kamba. Machozi yakaanza kumtoka, yanashuka tu, hayafuti. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kuomba. Binti alikuwa amekuja kusimama mlangoni na sindano midomoni. "Ndivyo anavyoshinda," alisema. "Kila siku ni huyo mtoto."

Sikuhisi nilichotegemea kuhisi. Niliona tu mkono wake umeshika ukingo wa kanga yangu, unakaza na kulegea, unakaza na kulegea.

"Nimekusamehe, mama," nilisema.

Akaacha kulia. Akatazama juu kwenye bati. Halafu akasema kwa sauti yake ile ya zamani, ya mkato, "Kuna uji?"

Binti akakimbia jikoni. Nilimnywesha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kikombe kizima, na alipomaliza alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono na kusinzia.

Binti alinisindikiza mpaka barabarani. Pale nikamwambia yote, polepole, na safari hii niliitazama sura ya mtu ninayemwambia. Nilitaka awepo mmoja wa damu yake anayejua kwamba shangazi yake hakuachiwa mtoto na hakulala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitoa sindano midomoni, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni.

"Sasa mbona umemwambia umemsamehe?" aliuliza.

"Si umeona amekula," nikamjibu.